RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3
Ndugu yangu, umeuliza kama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya DDR4 uliyoiona dukani hapa Tabora itafaa kwenye kompyuta mpakato yako inayotumia DDR3, kizazi cha RAM kilichotangulia DDR4. Haitafaa, kwa sababu kipengo kilicho kwenye ukingo wake wenye pini za rangi ya dhahabu kimekaa mahali tofauti. Tafadhali usiilazimishe, utavunja nafasi yake. Zima mashine, toa betri, kisha usome lebo ya RAM ya zamani: ikiwa imeandikwa PC3L, inatumia volti 1.35, na ukiweka ile ya volti 1.5 huenda kompyuta isiwake kabisa. Ukishanunua RAM inayofaa, ipime usiku kucha kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM, kabla muda wa kuirudisha haujaisha. Kosa hata moja likionekana, irudishe.