Re: Simfonia 9 za Beethoven, nichukue seti ipi?

Mkuu umeuliza uchukue seti ipi ya rekodi za simfonia zote 9 za Beethoven, kati ya Karajan wa miaka ya 60, Karajan wa miaka ya 70 na Gardiner (wote wawili ni waongozaji wa okestra), mi nakwambia bila kusita anza na Karajan ya 1961-62, na okestra ya Berlin Philharmonic, ile walirekodi ndani ya kanisa kule Berlin, Jesus-Christus-Kirche, sauti ina hewa na okestra inakimbia bila kuchoka. Ya miaka ya 70 ni nzuri ila vayolini zimelainishwa mno kwa sikio langu.

Gardiner ni dunia nyingine kabisa, anatumia ala za aina ya enzi za Beethoven na anafuata spidi alizoandika Beethoven mwenyewe. Fanya hivi, weka simfonia ya 9, sehemu ya pili, pale mwanzoni timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinapoachwa peke yake, kwa Karajan unasikia mvumo mzito, kwa Gardiner unasikia fimbo inagonga ngozi, paa! Mi nilirudia hapo mara kibao usiku mmoja.

Ila kwenye simfonia namba 6, ile inayohusu maisha ya shambani, Karajan ana haraka sana, huko shambani hapumziki, hiyo mtafute mwongozaji mwingine, Bruno Walter, rekodi ya 1958.