Sarafu za Majaribio za Dhahabu: Anza na Mizani

Wengi wetu tunazifahamu sarafu za Kijerumani kupitia rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Nami nilianzia hapo. Zilizoniteka zaidi ni za miaka ya nyuma, za Prusia, Bavaria, Hannover na Saksonia kabla Ujerumani haijawa dola moja mwaka 1871, hasa zile za majaribio: zilizopigwa chache tu ili wakubwa waone sura ya mfalme na maandishi kabla ya kuidhinisha.

Ukitaka kununua mojawapo, picha ya mnada isikutangulie, tanguliza mizani. Mkataba wa Vienna wa Januari 1857 uliweka sarafu iitwayo Krone, yenye gramu 10 kamili za dhahabu safi. Kwa kuwa usafi wake ni sehemu 900 kwa 1000, sarafu nzima ina gramu 11.11, na nusu Krone 5.56. Jaribio lenye uzito tofauti si lazima liwe bandia, ila muuzaji akueleze sababu. Pengine si jaribio hata kidogo: viwanda vilizoea kuchukua muhuri wa sarafu ya fedha na kuupiga kwenye dhahabu, kwa zawadi au kwa wakusanyaji. Wajerumani huita Goldabschlag. Ni nzuri na ni adimu, lakini ni kitu kingine, na ilipiwe kama kilivyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni fedha iliyopakwa dhahabu, kwani jicho peke yake halitoshi. Mimi huomba ruhusa ya kuipima majini. Krone ya dhahabu ikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji, uzito hupungua kama gramu 0.65, fedha ya uzito uleule hupungua zaidi ya gramu 1. Sonara mwenye mizani nyeti atakufanyia hivyo. Asiisugue kwenye jiwe la kupimia dhahabu, tafadhali! Mkwaruzo huo haufutiki, na mnunuzi wa baadaye atauona.

Kisha tazama ukingoni. Nyingi ziliwahi kuvaliwa kama vidani, na alama ya kulehemu hubaki hata ikisafishwa, ikishusha bei sana. Omba pia picha kutoka katalogi za minada ya zamani, ulinganishe mikwaruzo mmoja mmoja na sarafu uliyoshika. Isipolingana, rudisha.