Video inakwama? Usikimbilie kuongeza kifurushi

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Kaka, nimepandisha kifurushi na mpira bado unaganda. Nifanyeje?" Jazba ikanipanda. Hayo maneno ya "pandisha kifurushi" nami niliambiwa na mhudumu wa kampuni inayoniuzia intaneti, kwa sauti ya upole kabisa, na hajapima chochote.

Kwangu Tabata fundi aliifunga ruta chumbani, kwa kuwa waya ulikuwa rahisi kupita kwenye dirisha la huko. Mbele yake kuna kabati la kioo, kisha ukuta wa tofali za saruji, ndipo uifikie TV sebuleni. Mechi inapofika patamu, mchezaji kainua mguu, picha inasimama, kiduara kinazunguka. Kwa jirani wanapiga kelele za goli. Shemeji yangu alikuwa ananicheka waziwazi: "Mtu wa kompyuta, mpira unaangalia kwa jirani!" Sijasahau.

Basi nikachomeka laptop kwenye ruta kwa kebo, nikapima kasi kwa fast.com, tovuti ya kupimia intaneti. Nalipia megabiti 20 kwa sekunde, ikasoma 19. Nikachomoa, nikahamia sebuleni kwa waifai: 3. Netflix wenyewe wanasema video ya 1080p, yaani picha safi ya HD, inataka 5 tu, na 4K, ile kali zaidi, inataka 15. Yaani kifurushi kilikuwa kinatosha siku zote, ila kilikuwa kinaishia chumbani! Nikavuta kebo juu ya dari hadi kwenye TV. Sasa shemeji ndiye anayebisha hodi Jumamosi.

Kwa hiyo pima kwa kebo kwanza. Huwezi kuvuta waya? Itoe ruta nyuma ya kabati, iweke juu, katikati ya nyumba. Kama inatoa masafa mawili ya waifai, 2.4 na 5 GHz, tumia 5 GHz ukiwa karibu nayo. Ile ya 2.4 inafika mbali zaidi, lakini majirani wamejazana humo, na hata maikrowevu ikiwashwa inaivuruga. Ila narudia, pima kwa kebo kwanza.

Vijana wenzangu, sote tunataka kufanya kazi na wateja wa nje tukiwa sebuleni. Mteja ataaminije kazi yako kama uso wako unaganda kila akikuuliza bei? Acheni kulipia msichokipima. Mhudumu kazi yake ni kuuza, na "zima, washa" si uchunguzi. Kebo ikisoma vizuri alfajiri halafu saa mbili usiku kasi inaporomoka, hapo tatizo liko kwao. Piga picha ya vipimo vyote viwili, uwapelekee.

Nikarudi kwa msomaji wangu. Kebo ikasoma vizuri, asubuhi na usiku. Nikamwambia afungue YouTube kwenye laptop anayoiunganisha na TV, abofye kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video, achague takwimu za kiufundi ("Stats for nerds"). Akiba ya video, yaani sehemu iliyokwisha kupakuliwa ikisubiri kuonyeshwa, ilikuwa imejaa, lakini idadi ya fremu zilizodondoshwa, zile picha ambazo laptop imezikosa kuzionyesha, inapanda tu. Intaneti yake haina kosa. Laptop ni ya zamani, inashindwa kuifungua picha kwa wakati. Kafunga programu nyingine zote, kashusha ubora hadi 720p, mpira unatembea. Kesho anakwenda kurudisha kifurushi cha zamani.