Mdogo wangu, gongo la kriketi usiliache

Juzi nimepata ujumbe wa binti wa kidato cha tatu, yuko Morogoro. "Shikamoo dada. Mama anasema kriketi ni mchezo wa wanaume na Wahindi, hauna faida. Niache?" Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa, maana najua mko wengi mnaoota ndoto hiyohiyo.

Usiache.

Mimi nilitolewa kwenye netiboli na mwalimu aliyekuwa anatafuta wasichana wenye mkono wa nguvu. Tulirusha mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya mafundi umeme, na wiketi yetu, vile vijiti ambavyo mrushaji anavilenga, ilikuwa kreti la soda. Mpira wa ngozi wenyewe ulipofika, siku ya kwanza tu ulininyanyua ukucha wa kidole gumba. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kurusha. Wanaodhani wanawake tunacheza kriketi laini waje wadake mmoja mikono mitupu.

Baadaye nikaitwa kambini. Nilirusha vizuri kuliko nusu ya waliobaki, na walioniona wanajua. Orodha ikabandikwa, jina langu hakuna. Kiongozi mmoja akaniambia, "Wewe bado mdogo." Aliyepewa nafasi yangu nilikuwa nimemzidi umri! Miaka imepita, bado linaniuma, sitaficha. Ila Jumamosi iliyofuata nilikuwa uwanjani kama kawaida.

Ninyi mmekuta mlango wazi. Sisi tulicheza wakati mechi ya nchi kama yetu haihesabiwi. Ni Julai 2018 ndipo ICC, baraza la kriketi duniani, ilipozipa timu za wanawake za nchi wanachama wote hadhi ya kimataifa kwenye mechi za ova 20, ova moja ikiwa mipira sita. Mwaka mmoja tu baadaye, kwenye mashindano ya Kwibuka kule Kigali, Fatuma Kibasu wetu wa Tanzania akapiga mikimbio 108, ndizo alama za kriketi, dhidi ya Mali bila kutolewa, na rekodi ikaandikwa kwa jina lake. Zamani ingeishia kwenye stori za kijiweni.

Mali haohao walitolewa wote kwa mikimbio 6 walipokutana na Rwanda. Dunia ikawacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hakuna timu inayojifunza mechi ikiwa imekaa nyumbani. Waangalieni hao Rwanda: Januari 2023, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19 Afrika Kusini, waliwafunga Zimbabwe na kisha West Indies! Kwenye ile ya Zimbabwe, Henriette Ishimwe alichukua wiketi nne, yaani alitoa wapigaji wanne, kwa mipira minne mfululizo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: cheza mechi. Wa pili: cheza mechi, hata ya mtaani, hata mkipungua mcheze saba kwa saba. Wa tatu, jifunze kudaka, maana mdakaji mzuri ni shida kumwacha nje.

Mama atauliza hela. Mwambie Smriti Mandhana, mchezaji wa India, alinunuliwa kwa rupia milioni 34 ligi ya wanawake ya India ilipoanza 2023, na mwaka huohuo ICC ikatangaza zawadi sawa kwa wanawake na wanaume kwenye mashindano yake. Novemba 2, 2025, India ikatwaa Kombe la Dunia la wanawake nyumbani kwa kuwafunga Afrika Kusini. Lakini usimdanganye kwamba hizo hela ziko Morogoro. Huku kwetu bado tunachangishana nauli, kwa hiyo shule usiiguse. Acheni uvivu wa kusema "tukipata vifaa tutaanza". Mnasubiri nani? Aliyekaa hachaguliwi, na hata anayecheza anaweza kuachwa, mimi shahidi. Cheza mechi.

Viatu umesema unavaa namba 38. Jozi moja ninayo, soli bado nzima. Mwambie mama anipigie jioni, baada ya saa kumi na mbili, tuongee watu wazima.