Laptop ya RAM ya GB 4 na biti inayokwaruza

Ndugu wa Chumbageni, umeuliza kama laptop ya RAM ya GB 4 inafaa kutengeneza muziki, kama ununue kinanda, na kwa nini biti yako inakwaruza. GB 4 zinatosha kuanzia. Kinanda usinunue bado. Pakua LMMS, programu ya kutengeneza muziki, ni ya bure. Biti inakwaruza kwa sababu bafa (akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kuchezwa) ni ndogo na prosesa haiwahi kuijaza. Kwenye mipangilio ya programu pandisha bafa (buffer size) hadi 512 au 1024, funga programu, fungua upya. Ukibonyeza kitufe sauti itachelewa kidogo, ila kwa kupanga na mausi haisumbui.

Weka kasi 120, yaani mapigo 120 kwa dakika. Kati ya visanduku 16 vya kupangia midundo, kiki (ngoma nzito ya chini) washa 1, 5, 9 na 13. Sauti ya makofi washa 5 na 13. Singeli na kasi yake ya 200 na ushee isubiri kwanza.

Spika za laptop hazitoi besi, utaizidisha bila kujua. Tumia hedifoni za waya, za Bluetooth huchelewesha.