Kutoka saiti kwenda utafiti wa jinsia: jibu kwa dada wa SEAP

Dada aliyeuliza ana digrii ya uhandisi ujenzi, yuko mwaka wa pili wa SEAP (mafunzo ya vitendo kazini kwa wahandisi wahitimu), na anataka kuingia kwenye utafiti wa usawa wa kijinsia katika fani yetu. Anauliza kama aachane na usajili wa uhandisi akasome jinsia sasa hivi.

Hapana, maliza kwanza. SEAP ni miaka mitatu, na usajili wa mhandisi mtaalamu kutoka ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania) ndio utakaokufungulia geti la saiti siku utakapokwenda na dodoso. Mtafiti mgeni hupelekwa kwa afisa uhusiano akanywe soda. Mhandisi aliyesajiliwa anaongea na fomeni.

Tena miaka hiyo mitatu ni mada tosha. Wengi huipitia wakiwa kwenye umri wa kuzaa, na sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi, nguzo zimeshamwagwa zege, mbao za kushikilia zege zimevuliwa, na kipengele kile kwenye daftari lako la mafunzo kiko wazi. Kazi gani ilikupita, nani aliifanya, ulipewa lini nyingine ya kufidia: hivyo ndivyo vya kuuliza.

Wahandisi tunapenda asilimia, na hapo ndipo tunapoharibu. Tuseme darasa lina watu 60, wasichana 9. Wakidisco (wakiondolewa masomoni) wawili ni asilimia 22. Akiongezeka mmoja tu imeruka hadi 33. Andika 2 kati ya 9, msomaji aone udogo wa namba. Usilinganishe pia walioingia 2021 na waliohitimu 2025 kwa jumla jumla, maana walioahirisha, waliorudia mwaka na waliohamia kozi nyingine wote wataonekana wameacha masomo. Omba kwa msajili orodha yenye namba bandia badala ya majina, umfuate kila mmoja alipoishia.

Kuna ripoti ya 1976 ya AAAS, chama cha kuendeleza sayansi cha Marekani, ya Shirley Malcom, Paula Hall na Janet Brown, iliyotokana na mkutano wa wanasayansi wanawake 30 wa jamii za wachache. Walionyesha jinsi wanawake hao walivyokuwa wakikosa nafasi kwenye mipango ya wanawake na kwenye mipango ya jamii zao vilevile. Ukiisoma ukiwa Dar, usibebe kipengele cha rangi kama kilivyo. Wagawe wasichana wako kwa aliyetoka shule ya kata na aliyetoka shule ya kulipia, ndipo utaona nani anapotea katikati.

Sasa maabara, sehemu niipendayo. Usiulize "mnabaguliwa?" Utajibiwa hapana. Kaa pembeni ya kundi linalofanya kipimo cha slampu, yaani kuona zege bichi linashuka kiasi gani koni ikinyanyuliwa: koni ya mm 300, tabaka tatu, kila tabaka vipigo 25. Andika nani ameshika chuma cha kushindilia, nani amenyanyua koni, nani amepima kushuka kwa zege, nani ameshika kalamu. Mara nyingi kalamu utaikuta kwa msichana, na mwandiko mzuri ndio kisingizio. Muwe waangalizi wawili, kila mmoja na karatasi yake, bila kuchungulia ya mwenzake. Mkitofautiana sana, rekebisheni maelezo ya kila kazi kabla ya kuendelea. Kwenye fomu ya ridhaa sema ukweli kwamba unaangalia mgawanyo wa kazi kwenye kundi. Ukitangaza umewafuata wasichana, vijana watawakabidhi chuma siku hiyo hiyo na data yako imekwisha. Vipindi vya mwanzo vitupe, watu wakuzoee.

Kwenye mahojiano, kuficha jina hakutoshi. "Mhandisi wa kike wa mitambo, kanda fulani, miaka 12 kazini" anaweza kuwa mtu mmoja nchi nzima, na bosi wake atamjua kabla hajamaliza aya. Acha fani au kanda, si lazima vyote viwepo.

Ukifika PhD, Purdue na Virginia Tech zina idara za elimu ya uhandisi tangu 2004. Mwandikie profesa ukiwa na kurasa mbili za data ya majaribio. Ukirudi kukusanya data, utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi. Anza kuomba muhula mmoja kabla, kwa sababu kipimo cha slampu hufanyika wiki chache tu, na kikipita unasubiri mwaka.