Usimlipe kocha wa "piga kwa kushuka"

Usimlipe huyo kocha, mkuu. Umesema kijana wako anayecheza besiboli ana miaka 12, unauliza umnunulie gongo la mbao au la alumini, na kwamba kocha wa hapo Dallas ameahidi kumfundisha kupiga kwa kushuka, yaani gongo litoke juu lije chini kwenye mpira, "kama mastaa". Maneno hayohayo ndiyo yaliyotumaliza sisi.

Kocha wetu, jina silitaji, alimsimamisha mwanangu mbele ya kile kigingi cha kuwekea mpira msimu mzima: mikono juu, shusha gongo, kata mpira. Mazoezini akasifiwa. Kwenye mechi mpira ukawa unagonga ardhi hatua chache mbele yake, unaviringika hadi kwa mlinzi, anatolewa kabla hajafika beisi ya kwanza. Mechi baada ya mechi. Ikafika mahali mtoto anasema mkono unamuuma kila siku ya mechi. Mkono ulikuwa mzima, aibu ndiyo iliyokuwa inamuuma. Na mimi naendelea kulipa!

Hebu fikiria. Kwenye ligi kuu ya Marekani mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha sentimita 25, na mpira wenyewe unavutwa na ardhi, kwa hiyo unamfikia mpigaji ukishuka. Gongo nalo likishuka kama shoka la mpasua kuni, linakatiza njia ya mpira mahali padogo mno. Ukiwahi kidogo au ukichelewa kidogo, imekula kwako. Likipanda kidogo, linakaa kwenye njia ya mpira muda mrefu zaidi. Ted Williams, mpigaji wa zamani aliyemaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa .406, yaani mapigo safi kama manne katika kila majaribio kumi, alishaliandika hili zamani sana.

Sasa mbona mastaa wanasema wanashusha? Alex Rodriguez, mtu wa "home run" 696 (yale mapigo ambayo kwa kawaida huvusha mpira nje ya uwanja), ameonyesha kwenye televisheni gongo likishuka. Tazama video zake akiwa uwanjani: linapanda. Hadanganyi, anaeleza anavyojisikia. Gongo linaanzia juu ya bega, kwa hiyo mwanzo wa pigo kweli linashuka, na hapo ndipo mwili unapojikaza. Linapogusa mpira limeshaanza kupanda, na mguso wenyewe haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nani atauhisi huo? Mtoto akipewa hisia ya staa aifuate neno kwa neno, atafanya kitu ambacho staa mwenyewe hafanyi.

J.D. Martinez, mchezaji wa ligi kuu, alijiona kwenye video, akalinganisha pigo lake na la mpigaji mwenzake Ryan Braun, akalijenga upya. Timu yake ya Houston ikamwacha Machi 2014. Mwaka huohuo akapiga "home run" 23 akiwa na timu ya Detroit. Macho yalimwambia ambacho mwili haukumwambia.

Kinachonichoma hadi leo: kocha wetu alikuwa na simu mfukoni kila siku, hakuitoa hata mara moja kumrekodi mtoto.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, mrekodi. Simu iwe usawa wa kiuno, pembeni, upande anaotazama akiwa amesimama kupiga, nyuma ya wavu, kwenye mwendo wa polepole. Arushiwe mpira na mtu, kigingi weka kando. Muulize kwanza gongo limepita wapi, halafu mwonyeshe video. Ilete na hapa kabla hujatoa hata dola moja, tuitazame pamoja.